Nyoka Aliyekatwa Kichwa na Nyoka Anayepewa Maziwa

Ndugu msomaji, kama umewahi kulala Likuyani usiku wa mwezi wa Agosti, tena katika mwaka wa shufwa, basi huna haja ya kusimuliwa. Utakuwa umeamshwa na chinyimba, zile kengele za chuma ambazo mvulana wa Kibukusu huzigonga kwenye bangili za mikononi akizunguka kwa jamaa zake kuwaalika kwenye tohara. Nyuma yake kuna kundi la vijana, shangazi na majirani wakiimba kwa sauti za kukauka, na vumbi la barabara ya Matunda linapanda hadi kwenye mahindi yaliyokwisha kubeba. Alfajiri mvulana huyo atapelekwa mtoni, atapakwa tope toka kichwani hadi miguuni, kisha atarudi uani kwa baba yake na kusimama wima mbele ya kisu bila ya kupepesa jicho.

Mwezi huo huo, mwendo wa matatu moja tu kutoka hapo, katika nyumba za familia fulani za Kihindu za Eldoret na Kitale, mama wa nyumba huamka mapema, akaoga, kisha akachora picha ya nyoka ukutani karibu na mahali pa mitungi ya maji. Mbele ya picha hiyo huweka maziwa kidogo na madonge ya unga wa uwele uliokandwa kwa samli na sukari guru. Kisha hufumba macho na kuombea watoto wake.

Unaweza kusema kuwa mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini ukifuatilia asili ya kila moja utakuta kwamba chini yake amejikunja nyoka. Kwa upande mmoja ni nyoka aliyeuawa, kwa upande mwingine ni nyoka aliyesamehewa. Leo nakuomba tukae kitako tuzitazame hadithi hizi mbili, kwa sababu ziko jirani kuliko tunavyofikiri, na kwa sababu wengi wetu bado tunashika rungu kila nyasi zinapotikisika.

MANGO NA YABEBE

Tuanzie nyumbani. Ukimwuliza mzee wa Kibukusu ni kwa nini watu wake hupasha wavulana tohara kwa namna ile, hatakutajia kitabu. Atakutajia mtu aliyeitwa Mango, wa ukoo wa Bakhurarwa, na nyoka mkubwa aliyeitwa Khururwe Yabebe. Masimulizi hutofautiana kutoka boma hadi boma, kama ilivyo desturi ya masimulizi yote, lakini uti wa mgongo wake ni mmoja.

Nyoka huyo alikaa pangoni. Alikuwa akitoka na kumeza mbuzi, ng'ombe, na hata watu. Waliojaribu kumkabili hawakurudi. Majirani wa Wabukusu, Wasabaot wa Mlima Elgon ambao Wabukusu huwaita Barwa, walikuwa wakipasha tohara wavulana wao kwa ushujaa mwingi, na inasemekana Mango alipotaka naye akatwe, alichekwa. Aliambiwa kwamba mtu anayetaka heshima hiyo na aende kwanza akamuue yule nyoka.

Hapa ndipo ninapompendea Mango, kwa sababu hakwenda kwa pupa. Aliunoa upanga wake, akachukua ngao, akangoja mpaka nyoka ametoka kwenda kutafuta chakula. Kisha akaingia ndani ya pango tupu, akajibanza karibu na mlango, akasubiri. Nyoka aliporejea na kuingiza kichwa, Mango alimkata kwa dharuba moja. Wazee husimulia kwamba kichwa kile kiliruka kikauma mti uliokuwa karibu, na mti huo ukapukutisha majani yote papo hapo. Hivyo ndivyo sumu ilivyokuwa kali.

Watu walifurahi wakaimba. Barwa, waliokuwa wamecheka, sasa walikubali kwamba mtu huyu anastahili kisu, naye akapashwa tohara. Mahali panapotajwa katika simulizi hiyo panaitwa Mwiala wa Mango, yaani jiwe la Mango, huko Bungoma, na mvulana anapotoka mtoni akiwa na tope, wimbo unaomsindikiza nyumbani huhusishwa na siku hiyo ya Mango. Ndiyo maana husimama kama mlingoti. Anayetikisika anamwaibisha Mango.

Tazama basi jambo la ajabu. Taifa zima linahesabu umri wake kwa kufuata tohara hii. Kila Mbukusu ana rika lake kati ya marika 8 yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Ukimtajia mzee rika lako anajua mara moja akuite mwana, ndugu au baba. Na mlango wa kuingia katika hesabu hiyo yote ulifunguliwa, kwa mujibu wa wazee, na mzoga wa nyoka.

Likuyani haikuwa mahali pa Mango, hilo tuliseme wazi. Wakati wa ukoloni ardhi hii ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baada ya Uhuru wa 1963 ilikatwakatwa kuwa mashamba ya makao mapya. Wakaja watu kutoka Bungoma, wakaja Wamaragoli, Watachoni, Wakabras na wengineo. Walipokuja walibeba vyungu, majembe, na hadithi zao. Hadithi ya Mango ilikuja namna hiyo, ndani ya lori, pamoja na kuku na magunia.

MFALME ALIYETAKA KUWAMALIZA NYOKA

Sasa tuvuke bahari. Wahindu wana simulizi katika Mahabharata, utenzi wao mkubwa, kuhusu mfalme aitwaye Janamejaya. Baba yake, Parikshit, aliuawa kwa kuumwa na nyoka aitwaye Takshaka. Janamejaya, kama Mango, aliapa kulipiza kisasi. Lakini yeye hakutaka nyoka mmoja. Aliwataka wote. Aliwasha moto mkubwa wa kafara, makuhani wakasoma maneno yao, na nyoka wa dunia nzima wakaanza kuvutwa kutoka mashimoni, mitoni na milimani wakitumbukia motoni kwa maelfu.

Aliyeusimamisha moto huo alikuwa kijana mdogo aitwaye Astika, ambaye baba yake alikuwa mtawa na mama yake alikuwa wa ukoo wa nyoka. Alimsifu mfalme kwa hekima hadi mfalme akamwahidi zawadi yoyote atakayo. Kijana akaomba moto uzimwe. Ahadi ya mfalme haivunjwi, na moto ukazimwa. Wahindu wengi husema siku hiyo ilikuwa ya tano ya nusu ya mwezi, na ndiyo maana sikukuu ya nyoka huitwa Nag Panchami. Nag ni nyoka, hasa swila, na panchami ni ya tano. Huangukia mwezi wao wa Shravan, ambao kwetu ni kati ya Julai na Agosti. Katika sehemu nyingi za India huadhimishwa mwezi ukiwa unakua. Wagujarati, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindu wa Kenya, huadhimisha mwezi ukiwa unapungua, siku chache kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna.

Kuna hadithi nyingine ambayo akina mama wa Kihindu huwasimulia binti zao siku hiyo, nayo nadhani itamgusa kila mkulima wa Likuyani. Mkulima mmoja alikuwa akilima. Jembe la plau likapita juu ya shimo na kuwaua watoto wa nyoka. Mama nyoka aliporudi akakuta damu. Usiku akaenda nyumbani kwa mkulima, akamwuma yeye, mkewe na wanawe. Akasikia kwamba kuna binti mmoja aliyeolewa mbali, akaenda ammalize naye. Alipofika alimkuta binti huyo ameketi mbele ya picha ya nyoka aliyoichora mwenyewe, ameweka maziwa, anaomba. Mama nyoka akanywa maziwa, hasira zikamtoka, akampa binti dawa ya kuwafufua jamaa zake. Tangu hapo, katika sehemu nyingi za India, siku ya Nag Panchami mkulima hagusi jembe wala plau, asije akamjeruhi aliye chini ya udongo.

Mtaalamu wa wanyama atakuambia kwamba nyoka hana haja na maziwa, na ni kweli. Nyoka si mnyama wa kunyonya, na tumbo lake halikuumbwa kwa chakula hicho. Waganga wa nyoka wa India walikuwa wakiwanyima maji kwa siku nyingi ili siku ya sikukuu wanywe chochote kitakachowekwa mbele yao, na wengi wa nyoka hao walikufa baadaye. Sheria ya India ya kulinda wanyama pori ya mwaka 1972 inakataza kukamata nyoka kwa namna hiyo. Yule mama wa Eldoret anayechora nyoka ukutani, kwa hakika, ndiye anayemtendea nyoka wema zaidi.

NCHI YA MILIMANI

Heshima hii kwa nyoka ina nguvu kubwa pia milimani, chini ya theluji za Himalaya. Kuna jimbo la India liitwalo Himachal Pradesh. Zamani halikuwa jimbo moja; lilikuwa falme ndogo ndogo za mabonde, kila bonde na mfalme wake: Chamba, Mandi, Kullu, Kangra na nyinginezo. Tarehe 15 Aprili 1948, miezi michache baada ya India kupata uhuru, falme kama 30 hivi ziliunganishwa. Mwaka 1966 Kangra na Kullu zilitolewa Punjab zikaongezwa hapo, na tarehe 25 Januari 1971 Himachal ikawa jimbo kamili, la 18 katika India.

Wafalme wameondoka, lakini miungu ya nyoka imebaki na mabonde yake. Karibu na Dharamshala, huko Kangra, kuna hekalu la Bhagsu Nag. Hadithi yake ni ya ukame. Mfalme aitwaye Bhagsu aliona watu wake wakifa kwa kiu, akapanda mlimani hadi kwenye ziwa la nyoka, akayachota maji yote kwa ujanja ndani ya kibuyu na kuteremka nayo. Nyoka akaamka, akakuta ziwa limekauka, akamfuata na kupigana naye. Bhagsu alijeruhiwa vibaya, na alipokuwa akikata roho hakuomba uhai wake. Aliomba maji yabaki kwa ajili ya watu. Nyoka akamhurumia, akayaacha yatiririke, na jina la mahali hapo likaunganisha majina ya wote wawili, mwizi na mwenye mali. Chemchemi ipo hadi leo na watu huoga humo.

Huko Mandi, juu mlimani zaidi ya mita 3,000, kuna ziwa la Kamrunag ambako watu hupanda kwa miguu kuomba mvua na kutupa sarafu na hata dhahabu majini. Umeona, msomaji? Milimani nyoka ni mvua. Hukaa penye chemchemi, hutoka mashimoni masika yanapoanza, na mwendo wake ni kama mto unavyojipinda. Mkulima asiye na bomba wala mfereji humtazama kwa jicho lingine.

Kutoka Punjab, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa pamoja na Kangra, walitoka wengi wa vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa. Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, na kama 2,500 walifia kazini kabla na baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Tawi la kuelekea Kitale lilifika huko mwaka 1926, likipita Soy na Hoey's Bridge, ambayo leo ni Moi's Bridge, mlangoni kabisa pa Likuyani. Wengi wa vibarua walirudi kwao. Lakini nyuma ya reli, au hata mbele yake, walifuata wenye maduka, wengi wao kutoka Gujarat, wakiuza sukari, chumvi, mafuta ya taa na vitambaa. Na nyumba nyingi za Kihindu zina picha ya Shiva mwenye nyoka shingoni, au ya Vishnu amelala juu ya nyoka Shesha. Babu zetu walioingia katika maduka hayo kununua chumvi waliitazama picha hiyo juu ya kaunta na bila shaka walitoka wakinong'ona.

OMIERI

Lakini tusijifanye kana kwamba kuheshimu nyoka ni jambo la Wahindu tu. Shuka hadi Nyakach, ng'ambo ya Kisumu, ukamtaje Omieri.

Omieri ni jina ambalo Wajaluo wa huko humpa chatu mkubwa ajitokezaye karibu na ziwa na vinamasi. Anapoonekana, wazee husema mvua itanyesha vizuri na mavuno yatakuwa mengi. Mwaka 1987 Omieri aliunguzwa na moto wa vichakani. Habari zikaenea nchi nzima. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, magazeti yakiandika juu ya hali yake kama ya mgonjwa mashuhuri, lakini majeraha yalimshinda akafa. Mwili wake ulihifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa. Kwa mtu wa Nairobi ilikuwa ni habari ya kusisimua tu. Kwa mtu wa Nyakach ilikuwa msiba, tena msiba ambao marehemu hakurudishwa nyumbani, na wewe unajua jinsi jambo hilo lilivyo zito kwa Mjaluo.

Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana katika kijiji cha Wasare, huko huko Nyakach, amejikunja juu ya mayai yake. Watu walifurika kumwona. Wazee walisema Omieri amerudi, na walitaka aachwe. Wengine walihofia watoto wao na mbuzi wao. Maafisa wa wanyama pori walijikuta katikati ya kijiji kilichogawanyika, na nadhani hakuna mafunzo ya chuo yanayomtayarisha mtu kwa kazi ya namna hiyo.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni hili: chatu jike akishataga, huyazunguka mayai yake na kuyalinda kwa miezi 2 hadi 3, na kwa kawaida hali chochote muda wote huo. Yeye hana sumu. Huua kwa kubana. Kwa hiyo yule aliyeitwa mungu na wengine na shetani na wengine alikuwa mama mwenye njaa.

Ukivuka mpaka hadi Uganda, katika nchi ya Buddu ya ufalme wa Buganda, ndipo utashangaa kabisa. Mmisionari John Roscoe, aliyeishi Buganda miaka mingi na kuchapisha kitabu chake kuhusu Waganda mwaka 1911, aliandika habari za hekalu la chatu aitwaye Selwanga, mahali paitwapo Bulonge, karibu na Ziwa Victoria. Wavuvi walimwomba samaki, na wanandoa walimwomba watoto. Palikuwa na mwanamke maalumu wa kumtunza, na kazi yake ilikuwa kumpa chatu chakula. Chakula gani? Maziwa, ndani ya bakuli la mti. Waganda wa Buddu na akina mama wa Gujarat hawakupata kukutana wakafundishana. Kila mmoja alifika kwenye bakuli la maziwa kwa njia yake mwenyewe.

NYASI ZIKITIKISIKA

Na sasa turudi Likuyani, kwa sababu nyoka wa hadithi hamwumi mtu, lakini wa shambani huuma. Mwezi huo huo wa Agosti watu wanang'oa maharagwe na kukata nyasi, na ghala za mahindi zinaandaliwa. Penye mahindi pana panya. Penye panya pana nyoka. Mkulima anayemwua kila nyoka asiyemjua jina anapunguza mlinzi wa magunia yake, na gharama hiyo ataiona Desemba gunia likitobolewa chini.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hulala kimya njiani wala hakimbii mtu akija, ndiye anayekanyagwa. Swila wapo. India yenyewe, pamoja na maziwa yote na sala zote, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa watu kama 58,000 walikufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka kati ya 2000 na 2019, wengi wao wakulima wa vijijini. Ndiyo sababu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Kwa hiyo mama mwenye watoto aondoe vichaka karibu na mlango, asipange kuni ukutani, na mtu asitoke usiku kwenda choo bila tochi. Akiumwa mtu, msimkate kwa wembe, msinyonye jeraha, msimfunge kamba ya kukaza. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, alazwe atulie, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, abebwe haraka hospitalini. Msipoteze muda kumsaka nyoka. Mvulana wa tohara mwenye bangili mkononi na chinyimba, anayekatiza mashamba usiku wa manane, ni mmoja wa wanaohitaji kuambiwa haya na mjomba wake kabla hajapewa nyama ya kuvaa shingoni.

Na ukimkuta chatu amejikunja kando ya mto Nzoia, hatoki hata ukipiga kelele, usidhani ni kiburi. Rudi nyuma hatua kumi, waite watoto wakae mbali, mpigie simu afisa wa Huduma ya Wanyamapori. Huenda ana mayai.